Nitumie Lebo Moja Tu

Tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Najua barua zangu huanza na salamu ndefu na kuishia na ombi, nawe huruka salamu zote ukatafuta ombi liko mstari gani. Leo nakupunguzia kazi. Ombi ni hili: nataka chumba cha Mama kiwe chumba cha asali.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Juzi kuna bwana mmoja alisimama mbele ya kabati langu la vioo, nikadhani anataka betri ya saa. Kumbe anatazama chupa zako. Akaniuliza, "Hizi zina leseni?" Nikamjibu zina asali. Hakucheka. Ndipo nilipojua ni mtu wa serikali.

Basi nimekwenda ofisi ya leseni mwenyewe. Kuna mama mmoja pale, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, anaongea taratibu mpaka unatamani kumtia ufunguo. Anasema asali ya nyumbani inaruhusiwa kuuzwa, lakini isichujwe kwenye jiko lile lile unalokaangia vitunguu. Iwe na chumba chake, chenye mlango wa kufunga, kuta za kufutika, maji safi, na ndoo ambazo hazijawahi kuwekwa rangi wala mafuta. Mkaguzi atakuja huko kukitazama. Halafu kila chupa iwe na lebo: jina la aliyeitengeneza na mahali alipo, uzito, tarehe ya kurina, na onyo kwamba asipewe mtoto mchanga asiyetimiza mwaka. Akaniambia, "Bwana, lebo ni kiapo. Ukiandika neno pale, umeapa mbele ya kila mteja."

Nikamwuliza jina liwe la nani, langu mwenye duka au la dada yangu? Akasema la anayerina. Kwa hiyo, Dada, ni jina lako.

Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamwulizia shangazi yao. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Fundi Saa

*

Tarehe 17 Machi

Bwana Haraka,

Marahaba. Barua yako nimeisoma yote, pamoja na salamu.

Kila tukionana unauliza kwa nini sinunui simu ya maana ukanipigia tukamaliza mambo kwa dakika mbili. Ndiyo sababu sinunui. Kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo, nimeelewa" kabla sijafungua mdomo. Kwenye barua angalau nafika mwisho wa sentensi. Dereva wa lori la maziwa anakuja kwako kila mara, atabeba ndoo na barua pamoja.

Chumba cha Mama nimekitoa. Kitanda tumekibeba mimi na fundi seremala, yule anayenichongea mizinga. Tulipokiweka uani nikakaa juu yake kidogo, kisha nikaamka nikaenda kupaka rangi. Nimepaka mara mbili. Dirisha nimetia wavu. Nimenunua ndoo mpya, nyeupe, na kitambaa kipya cha kuchujia.

Mkaguzi amekuja jana. Bwana mrefu, mpole, akachungulia mpaka chini ya meza. Kila kitu alikiandika. Nikamwambia twende tukaione na mizinga, akasema mizinga haimo kwenye kazi yake. Nikasema nyuki zangu hazina neno, hazimwumi mgeni. Zikamwuma shingoni. Nikamng'oa mwiba kwa ukucha, nikampa maji, na nikajua leseni imekwenda. Lakini alikuwa muungwana. Alitia sahihi huku shingo imevimba kama andazi. Kibali hiki hapa ndani ya bahasha, usikipoteze.

Hilo la mtoto mchanga nimelielewa. Muuguzi wa zahanati alikwisha kutuambia.

Sasa na mimi nina ombi, na langu ni moja. Unajua watu wa hapa wanavyoiita asali yetu. Asali ya Mzee. Na Baba mwenyewe ulikuwa ukimwona, alikuwa anasimama kule penye ua na blanketi kichwani, anatoa amri. Aliyepanda mtini na moshi ni Mama, na baada ya Mama ni mimi. Wote wawili wamekufa na bado ni asali ya Mzee. Sikuwahi kulalamika, na hapa silalamiki. Ila zikishachapwa hizo lebo, nitumie moja. Moja tu. Nataka kuliona jina langu juu ya kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Dada yako

*

Tarehe 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Zimetoka! Ungeziona ungepiga vigelegele. Njano, maandishi meusi, na nyuki pembeni anayefanana kidogo na inzi, lakini mchapaji anasema wateja wataelewa. Jina lako liko mstari wa pili, herufi kubwa. Chini kulibaki nafasi tupu, mchapaji akaniuliza tuiache hivyo hivyo au tutie kitu, nikamwambia kiwanja kitupu huota magugu, nikatia maneno machache ya kupendezesha. Utayaona.

Tangu nimezibandika, bei nimeipandisha na bado wananunua. Watu wanakuja kutengeneza saa wanaondoka na asali. Wengine wanakuja kwa asali tu, saa zimepitwa na wakati.

Lakini kuna neno. Baridi imeingia na asali imeanza kuganda. Wanazirudisha chupa, Dada. Wanazigeuza kichwa chini mbele yangu, asali haiteremki, wananiambia hii ni sukari guru. Nawaambia asali ya kweli huganda, wananitazama kama nimewauzia saa ya bandia. Jana mwalimu mmoja amenisema mbele ya watu mpaka nikamrudishia pesa ili anyamaze. Nakuomba sana, fanya ufanyavyo, mzigo ujao usigande.

Lori linaondoka, dereva anapiga honi. Wasalimie wote.

Fundi Saa

*

Tarehe 9 Juni

Bwana Haraka,

Bahasha nimeifungua, nimeichungulia, nimeitikisa juu ya meza. Lebo haimo. Seremala alikuwa hapa, amecheka mpaka akakaa chini. Anasema labda umeibandika kwenye saa.

Usihangaike na kuganda. Ndoo ninazokupelekea leo hazitaganda, na zijazo pia. Usiniulize, mambo ya jikoni hayo, wewe uza. Asali imetoka nyepesi na inang'aa, utaweza kusoma gazeti nyuma ya chupa.

Imenichosha kidogo kuliko ile ya kawaida, lakini kama inakuondolea maneno ya watu, si neno. Sipendi kusikia umesemwa mbele ya wateja kwa ajili ya kitu kilichotoka kwangu.

Mizinga yote iko vizuri. Ule wa karibu na kisima umejaa mpaka nyuki zinalala nje kama watu wakati wa joto.

Lebo, mdogo wangu.

Dada yako

*

Tarehe 2 Agosti

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo mara mia. Sijui umefanya nini huko na sitaki kujua. Asali inameremeta! Yule mwalimu amerudi, amenunua chupa mbili na akaomba radhi, ingawa aliomba kwa sauti ndogo kuliko aliyonisemea. Na kuna mwenye mgahawa ule wenye vitambaa vyeupe mezani, anataka kila mwezi. Aliisoma lebo yote, akaweka kidole kwenye yale maneno ya chini, akasema, "Hiki ndicho wageni wangu wanachotafuta." Unaona? Nafasi tupu imezaa.

Nimebandika mpaka vidole vinanuka gundi. Mke wangu anasema hata mto wangu una jina lako.

Lebo yako sikuisahau. Ilikuwa mfukoni mwa koti, koti likafuliwa. Nitakutumia nyingine, safari hii sina mchezo.

Fundi Saa

*

Tarehe 11 Septemba

Dada,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia kwenye aibu.

Watu wa leseni wamekuja dukani, wamechukua chupa, wamekwenda kuzipima. Leo nimeitwa. Yule mama wa miwani ameweka chupa mezani akasema asali hii haiko kama lebo inavyosema. Leseni imezuiwa. Mwenye mgahawa alikuwepo pale kwa shida zake za mgahawa, amesikia kila neno. Ametoka bila kuniaga.

Umetia nini, Dada? Umetia sukari? Niambie ukweli. Nilikuomba isigande, sikukuomba uharibu. Ulisema mambo ya jikoni, nisiulize. Mimi mjinga sikuuliza. Watu walisema tangu mwezi wa tano kwamba ni sukari, nikawatetea, nikala matusi kwa ajili yako, kumbe wao ndio walioona na mimi ndiye kipofu.

Nimewaambia ofisini kwamba mimi ni muuzaji tu. Jina lililoandikwa pale si langu. Wakuulize wewe.

Miaka yote Mama alirina asali kwa mikono yake na hakuna aliyewahi kumrudishia chupa. Mama asingefanya hivi.

Mdogo wako

*

Tarehe 18 Septemba

Sijatia sukari.

Dada yako

*

Tarehe 6 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Naandika salamu hii nikijua leo una haki ya kuiruka.

Barua yako ya mstari mmoja ilikaa mfukoni mwangu siku nyingi. Nilikuwa nimekasirika, nikasema ni neno la mtu aliyekamatwa. Halafu nikawa nalitoa, nalisoma, nalirudisha. Nakujua. Ungekuwa umetia sukari ungeniambia umetia, na ungenieleza kwa nini, na kosa lingegeuka kuwa langu.

Nikarudi ofisini. Nikasimama mbele ya yule mama nikamwambia, "Dada yangu anasema hakutia sukari." Akaivua miwani. Akasema, "Nani aliyesema sukari? Sukari uliitaja wewe, bwana, halafu ukatoka mbio kabla sijamaliza. Mimi nilisema asali hii imepata moto mkali, na lebo yako inaapa kwamba haijapata."

Dada, hayo ndiyo maneno ya chini. Yale ya kujaza nafasi. Niliandika HAIJAPASHWA MOTO KAMWE. Niliyaona kwenye chupa moja ya dukani, ya watu wengine, nikaona yanapendeza. Nilijua hujawahi kuipasha. Sikufikiria kwamba nitakuandikia na kukuomba isigande, wala sikufikiria unaweza kuizuia isigande kwa njia gani. Wewe hukuyajua maneno yale. Hungeweza kuyajua. Lebo ilikuwa mfukoni mwangu.

Yule mama akaniuliza nani aliyenituma kuyaandika. Akasema, "Sheria ilikutaka uandike mambo machache tu, na hayo uliyaandika vizuri. Kuuza asali iliyopashwa si kosa. Kosa ni kuapa kwamba haijapashwa." Nilitamani sakafu inimeze. Pale pale, kwenye meza ile ile, wiki chache kabla, nilikuwa nimesema jina si langu, wakuulize wewe.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu amekuja na mizigo yake yote na hana nia ya kuondoka. Najisikia vibaya, Dada. Nimeandika mambo ambayo hata adui sikuwahi kumwandikia. Nilikutupia jina la Mama usoni, mimi ambaye sikuwahi hata kushika moshi.

Lakini sikiliza, haijaisha. Leseni itarudi. Yule mama anataka lebo mpya bila maneno yale, mkaguzi apite tena chumbani, na wewe utie sahihi kama mwenye asali. Wewe, si mimi. Nimeshamwambia mchapaji aache ile nafasi wazi, iote magugu ikitaka. Nitakuja mwenyewe kumleta mkaguzi, na nitamshikia kitambaa shingoni.

Nakutumia lebo. Ni ya zamani, ina yale maneno, sina nyingine. Nimeibandua kwenye chupa ya mwisho kwa mvuke wa birika, polepole, ili isichanike. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na haraka.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako

*

Tarehe 28 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Matusi sina. Nilikuwa nayo, nikayamaliza peke yangu humu chumbani, kuta zinafutika.

Nitakueleza ulichouliza. Ndiyo, niliipasha. Nilitia sufuria kubwa ya maji motoni, nikazamisha ndoo, nikaacha maji yachemke mpaka asali ikawa nyepesi kama chai. Sikuona kosa, na hata sasa naona sikukosea kwa nilichokijua. Kupasha amenifundisha Mama. Ulikuwa mdogo, una kikohozi kila baridi, na asali ikiganda ulikuwa unalia kwamba inakukwaruza koo. Mama akawa anaweka kikombe kwenye maji ya moto, anakoroga mpaka iyeyuke, anakunywesha kwa kijiko. Kikombe chako peke yako. Sisi wengine tulitafuna iliyoganda. Kwa hiyo uliponiandikia isigande, sikufikiri hata mara moja. Nilifanya kile kilichokuwa kinafanywa kwako siku zote, ila kwa ndoo.

Kwa hiyo Mama angefanya hivi. Nataka ulijue hilo, si kwa kukuumiza.

Sasa lile la leseni. Umechelewa, mdogo wangu. Mizinga sinayo.

Baada ya barua yako ile nilikwenda kwenye mzinga wa kisimani kuufungua. Mikono ikawa inatetemeka. Unajua nyuki hazipendi mkono wenye hofu. Ziliniuma mpaka usoni, mimi ambaye nilikuwa naenda bila kitambaa. Nikangoja, nikarudi siku nyingine, ikawa vile vile. Kila nikitaka kuinua mfuniko nasikia mtu anasema Mama asingefanya hivi, na mtu huyo ana sauti yako. Nikaona nitaziua nyuki za Mama kwa mikono mibaya. Seremala ameoa, mkewe hana woga na ana mkono mtulivu, nilimfundisha siku mbili tatu akashika. Nikawapa. Waliibeba jioni moja, nyuki zikiwa zimeingia ndani, wakaivusha kilimani kwao. Barua yako ilifika mizinga imeshapata kivuli kipya.

Usiniambie niiombe tena. Kitu ukishakitoa umekitoa, na nyuki zikishazoea mahali huzihamishi kama viti. Yule binti anafurahi. Nimemwambia akitaka kuuza akakate leseni kwa jina lake, na lebo asimwachie mtu mwingine aijaze.

Sina kinyongo. Nina huzuni, na huzuni nayo inazoeleka. Kitanda cha Mama nimekirudisha chumbani. Kuta bado zinanuka rangi na nta. Ukija na watoto mtalala humo, na njoo kweli, si kwa mdomo.

Lebo imefika. Nimeiweka mezani nikaitazama asubuhi nzima. Ulisema kweli, nyuki wako ni inzi. Lakini mstari wa pili wameuandika vizuri. Sikujua kama jina langu ni refu hivyo. Muuguzi alipita nikamwonyesha, na dereva wa lori nikamwonyesha, nikawa kama mtoto aliyepata viatu.

Chupa moja ilikuwa imebaki kabatini, ya zile nilizopasha. Nimeibandika lebo yako juu yake kwa gundi ya seremala, na nimempa dereva akuletee pamoja na barua hii. Usiiuze, haina leseni. Wanyweshe watoto wakikohoa.

Yale maneno ya chini nimeyakata kwa kalamu, yote matatu. Jina nimeliacha.

Dada yako